Mgeni wa Siku Mbili katika Dar es Salaam



Watu wengi wa bara hufika Dar es Salaam mara ya kwanza kwa sababu isiyokuwa matembezi. Huyu amemleta mgonjwa Muhimbili, yule amefuata hati ya kiwanja, na mwingine amekuja kununua bidhaa za duka lake. Shughuli ikiisha, zimembakia siku mbili kabla ya safari ya kurudi. Hapo huwauliza wenyeji wake kuna nini cha kutazama, na wenyeji, ambao aghalabu hawajapata kukitazama wenyewe, humwelekeza kwenye maghorofa marefu. Simkatazi mtu kutazama maghorofa. Walakini ghorofa la hapa ni sawasawa na ghorofa la mji mwingine wowote, na mtu arudipo kwao hana la kusimulia ila kwamba alikunja shingo hata ikamwuma.

Nia yangu ni kumwonyesha mgeni huyo njia nyingine. Yaanzia stesheni ya reli karibu na bandari, yafuata ufuko wa bahari, yarudi mjini, kisha yaishia Kariakoo. Yote yaweza kwendwa kwa miguu, hata na mzee, maadam asiwe na haraka.

Kwanza yafaa ajue kwamba mji huu si wa kale kama Kilwa au Mombasa. Mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa hapakuwa na mji hapa. Palikuwa na kijiji cha Mzizima, na watu wake walikuwa wavuvi na wakulima. Seyyid Majid bin Said, aliyetawala Unguja tangu mwaka 1856, alilipenda ghuba hili kwa kuwa mlango wake ni mwembamba na maji ya ndani yametulia. Katika miaka ya 1860 akaanza kujenga majumba ya mawe, akapaita Dar es Salaam, yaani Nyumba ya Salama. Wako wasemao kwamba asili ya jina ni Bandari ya Salama, na ubishi huo haujesha. Majid akafa mwaka 1870. Ndugu yake Seyyid Barghash, aliyemrithi, hakuwa na haja na mji huu mpya, na majumba yakaachwa kwa popo na magugu. Wajerumani walikuja mwaka 1887, na mwaka 1891 wakahamisha makao ya serikali yao kutoka Bagamoyo wakayaleta hapa. Mji ukaendelea kuwa makao makuu chini ya Waingereza, na baada ya uhuru pia, mpaka ilipokatwa shauri mwaka 1973 kwamba makao makuu yawe Dodoma. Hata hivyo watu hawakuacha kuja. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2022 Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 5,383,728.

Haya, twende stesheni. Wageni wengi hupita hapa wakishika mizigo yao kwa kuogopa wezi, wala hawainui macho. Lakini hapa ndipo pa kuanzia, kwa sababu kabla ya reli kila kitu kilichotoka bara kuja pwani, na kilichotoka pwani kwenda bara, kilipita juu ya bega au kichwa cha mtu. Pembe za ndovu, shanga, nguo, bunduki na mahema ya wasafiri, vyote vilichukuliwa na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, mtu mmoja na mzigo wa ratili 60 au zaidi, kwa mwendo wa miezi kati ya Ujiji na Bagamoyo. Wajerumani walianza kujenga reli kutoka hapa mwaka 1905, ndio mwaka ulioanza Vita vya Maji Maji kusini. Ikafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na Februari 1914 ikafika Kigoma, njia ya kilomita zipatazo 1,250. Siku hizi iko na reli nyingine pana zaidi, iendeshwayo kwa umeme, ambayo mwaka 2024 ilianza kuchukua abiria mpaka Dodoma kwa muda wa saa chache.

Mtu angedhani kwamba siku ile garimoshi lilipopiga honi Kigoma kazi ya mpagazi ilikwisha. Haikwisha. Miezi sita baadaye vita vya Wazungu vikaanza, nao wapagazi wakaitwa tena, wengi kuliko wakati wowote uliotangulia. Nawaomba mlikumbuke jambo hili, maana tutakutana nao mbele.

Kutoka stesheni fuata ufuko kwenda mashariki. Karibu na gati ya meli ziendazo Unguja utaliona Boma la Kale, nyumba nyeupe ya mawe ya matumbawe, yenye milango ya nakshi. Ilijengwa kama mwaka 1866 au 1867, nayo ilikuwa nyumba ya wageni wa Seyyid Majid. Sultani mwenyewe hakuishi kuona mji wake ukijaa, lakini nyumba ya wageni wake ingaliko. Shika ukuta wake kwa mkono, uone unene wake.

Mbele kidogo iko nyumba nyingine ya wakati uleule. Hii nayo ilijengwa kwa amri ya Majid, na baadaye ikawa mali ya Mapadri Weupe. Yaitwa Nyumba ya Atiman, na jina hilo lina kisa ambacho wapitao mlangoni wengi hawakijui. Adrian Atiman alikuwa mtoto wa nchi ya Mali, karibu na Timbuktu. Aliibwa akiwa mdogo, akauzwa utumwani, akapelekwa kaskazini, na huko Aljeria mapadri wakamkomboa. Wakampeleka kisiwa cha Malta kujifunza uganga, na mwaka 1889 akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Hapo akatibu watu zaidi ya miaka 60, akafa mwaka 1956. Basi nyumba iliyojengwa na sultani, katika siku ambazo watumwa waliuzwa hadharani Unguja, leo yaitwa kwa jina la mtu aliyekuwa mtumwa. Mtoto wa shule apitaye hapa na aambiwe habari hii mbele ya mlango wenyewe, haitamtoka.

Makanisa mawili makubwa ya ufukoni yatazame, lakini usikae sana kama siku zako ni mbili tu. La Mtakatifu Yosefu, la Wakatoliki, lilianzwa mwaka 1897 likamalizika mwaka 1902. La Azania Front, la Walutheri, lilianzwa mwaka 1898 nalo likamalizika mwaka uleule wa 1902. Utalijua kwa mnara wake wenye vigae vyekundu. Wajenzi walijenga kama wajengavyo kwao Ujerumani, bila kujali sana kwamba hapa jua ni kali.

Ukiendelea utafika Magogoni, penye soko la samaki na kivuko cha Kigamboni. Soko ni la asubuhi. Afikaye saa nne huona mabaki tu. Nyuma ya hapo ni Ikulu. Nyumba ya kwanza ya Gavana wa Kijerumani ilipigwa mizinga na manowari za Waingereza mwaka 1914 ikabomoka, na hii iliyopo ilijengwa na Waingereza juu ya misingi yake mwaka 1922. Hapa angalia: usitoe simu kupiga picha. Askari wa zamu hawana mzaha, na mgeni wa siku mbili hana siku ya kupoteza katika maelezo.

Kutoka Ikulu geuka urudi mjini, mpaka Mtaa wa Shaaban Robert, uitwao kwa jina la mshairi wetu. Humo imo Nyumba ya Makumbusho ya Taifa, iliyofunguliwa mwaka 1940. Ingia. Kiingilio kipo, lakini hapa ndipo pesa yako haitapotea. Hapa husimuliwa habari za fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa jamaa ya binadamu, ambalo Bibi Mary Leakey alilivumbua Oldupai tarehe 17 Julai 1959, na umri wake wakadiriwa kuwa miaka 1,750,000. Kijana aliyezoea kusikia kwamba historia ya nchi hii ilianza na Vasco da Gama na asimame hapa kitambo. Bustanini mna ukumbusho wa siku ya huzuni, tarehe 7 Agosti 1998, ulipolipuliwa ubalozi wa Marekani mjini hapa wakafa watu 11. Siku hiyohiyo Nairobi walikufa zaidi ya 200.

Sasa shika Barabara ya Samora, ambayo Waingereza waliiita Acacia Avenue, mpaka katikati yake palipo na sanamu ya askari. Kila mtu wa mji huu huijua. Ni alama ya njia: shuka Askari, nenda kushoto kwa Askari, nitakungoja Askari. Lakini ukimwuliza apitaye askari huyu ni nani, na alipigana na nani, wengi hucheka tu.

Nitaeleza. Wajerumani walipokuwa watawala walikuwa na sanamu yao mjini, ya Hermann von Wissmann, aliyeongoza majeshi dhidi ya Abushiri wa Pangani, na baadaye akawa Gavana. Katika sanamu ile Wissmann alisimama juu, na askari Mwafrika alisimama chini akimtazama. Waingereza waliuteka mji Septemba 1916, wakaing'oa, na mwishowe ikapelekwa Hamburg, ikasimamishwa mbele ya chuo kikuu. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo hicho wakaiangusha wenyewe kwa kamba. Waingereza nao waliweka yao hapa mwaka 1927, kazi ya fundi James Alexander Stevenson. Ni sanamu ya shaba, askari mmoja tu, amevaa sare ya vita, ameshika bunduki yenye singe ameielekeza upande wa bandari. Hapana Mzungu juu yake. Tofauti hiyo si ndogo.

Hata hivyo, usiridhike kumtazama askari ukaenda zako. Shuka chini macho yako, uzunguke msingi. Pana maandishi ya Kiingereza na ya Kiswahili, na Kiswahili chake kimeandikwa kwa herufi za Kirumi na za Kiarabu pia, maana siku zile wengi walisoma hizo kuliko hizi. Maandishi yawataja askari, na yawataja wapagazi. Na ubavuni mwa msingi mna picha zilizofinyangwa katika madini, na katika mojawapo wamo wapagazi wenye mizigo. Ni wadogo, wako chini, na magari yapitayo kwa kasi hayampi mtu nafasi ya kuwatazama. Nairobi, katika sanamu ya namna hii iliyowekwa mwaka 1928, mpagazi amesimama sawa na askari, kimo kwa kimo. Dar es Salaam hakupewa kimo hicho.

Kwa nini nasema habari za wapagazi? Kwa sababu vita vile katika nchi hii vilikuwa vyao kuliko vilivyokuwa vya askari. Punda, farasi na ng'ombe walikufa kwa mbung'o. Motokaa zilizama katika tope la masika. Chakula, risasi, dawa, hata vipande vya mizinga, vyote vikarudi juu ya vichwa vya watu, na walichukuliwa kutoka kila upande: Unyamwezi, Uzaramo, Kenya, Uganda, Nyasa, Kongo. Wengi hawakuulizwa kama wataka. Na hesabu ya kazi hiyo ilikuwa mbaya tangu mwanzo, kwa kuwa mpagazi naye hula. Mtu mwenye mzigo wa unga wa ratili 50, akila ratili mbili kila siku, kwenda na kurudi, hawezi kufika mbali kabla hajaula mzigo wote mwenyewe. Kwa hiyo majeshi yalipokuwa mbali na reli walihitajiwa wapagazi wa kuwalisha wapagazi, na wengine wa kuwalisha hao. Chakula kikapungua. Waliozoea ndizi wakapewa unga wa mahindi uliopikwa nusu, matumbo yakawaharibika. Kuhara damu, malaria na kichomi viliua wengi sana kuliko risasi. Wanahistoria hukisia kwamba waliokufa upande wa Waingereza peke yake wakaribia laki moja, na upande wa Wajerumani vitabu vya hesabu vilikuwa haba zaidi.

Wengi wao hawana makaburi yenye majina. Wengine walikufa kabla ya kupokea mishahara yao, na fedha hizo hazikuwafikia jamaa zao. Mwaka 2021 tume ishughulikiayo makaburi ya vita ya Uingereza na nchi za Jumuiya yake ilitoa taarifa ikikiri kwamba Waafrika na Waasia waliokufa katika vita vile hawakukumbukwa sawasawa na wenzao Wazungu, ikaomba radhi. Ilikuwa imepita zaidi ya miaka 100. Radhi ni neno jema, nami silidharau. Lakini mjane wa mwaka 1917 hakulisikia.

Siku ya kwanza na iishie hapo. Lala.

Siku ya pili anzia Mnazi Mmoja. Leo ni uwanja wa kupumzika, wenye ukumbusho wa Mwenge wa Uhuru. Zamani za ukoloni ulikuwa mpaka. Mashariki yake walikaa Wazungu na Wahindi, magharibi yake Waafrika, na uwanja uliachwa wazi katikati makusudi ili watu wasichanganyike. Wenye mji waliita jambo hilo kulinda afya. Vuka uwanja, nawe utakuwa umefanya kwa dakika tano safari ambayo zamani ilikuwa na masharti.

Ng'ambo ya uwanja ndio Mtaa wa Lumumba. Hapa palikuwa na nyumba ya Chama cha Waafrika, kilichoanzishwa mjini hapa mwaka 1929, na katika nyumba hiyo tarehe 7 Julai 1954 kikazaliwa chama cha TANU, Mwalimu Julius Nyerere akiwa rais wake. Apendaye kuona jinsi alivyoishi mtu huyu kabla ya uhuru na aende Magomeni, ambako nyumba yake imehifadhiwa. Ni nyumba ya kawaida sana, na hilo ndilo la kuona.

Kutoka Lumumba unaingia Kariakoo. Hapa mgeni wa duka amefika alikokusudia, naye huona vitambaa, sufuria, simu na viatu, wala haoni kitu kingine. Lakini jina lenyewe ni ukumbusho. Waingereza walipouteka mji waliwaweka wapagazi wao katika mahali hapa, na kikosi chao kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Midomo ya watu ikalifanya Kariakoo. Nairobi nako iko Kariokor, kwa sababu ileile. Serikali iliwapa askari shaba. Wapagazi walipata jina la soko, na jina hilo walipewa na watu wenyewe kwa kuliita tu, kila siku, mpaka likashika.

Soko lilifunguliwa katika miaka ya 1920. Hili kubwa, lenye paa la miavuli ya zege, lilibuniwa na Beda Amuli, mmoja wa wachora majengo Waafrika wa kwanza katika Afrika Mashariki, likafunguliwa mwaka 1975. Sehemu yake iko chini ya ardhi, nayo yaitwa Shimoni. Liliungua usiku mmoja wa Julai 2021, na kazi kubwa ya kulitengeneza ikafuata. Ukitazama miavuli ile utaona kwamba Amuli alifikiri habari ya mvua na jua, jambo ambalo wale wajenzi wa ufukoni hawakulifikiri sana.

Kisha usome vibao vya mitaa. Wenyeji hutamka majina haya mara mia kwa siku bila kuyafikiri. Mtaa wa Narung'ombe: huko, katika bara la Kilwa, palipiganwa Julai 1917. Mtaa wa Tandamuti: kilima karibu na Lindi, palipiganwa Agosti mwaka uleule. Mtaa wa Mahiwa: bara ya Lindi, tarehe 15 mpaka 18 Oktoba 1917, siku nne za mapigano yaliyokuwa miongoni mwa makali kabisa katika vita vyote vya nchi hii, Waafrika wakipigana na Waafrika kwa ajili ya mabwana wawili. Mtu aweza kuzunguka vita vya kusini vya mwaka mzima kwa saa moja, akinunua kanga njiani.

Ikikubakia alasiri, panda kivuko uende Kigamboni na kurudi, uutazame mji kutoka majini kama walivyouona waliokuja na majahazi; daraja lililofunguliwa mwaka 2016 ni zuri, lakini halikupi picha hiyo. Au nenda Kijiji cha Makumbusho huko Kijitonyama, penye nyumba za asili za makabila mbalimbali kwa ukubwa wake hasa. Najua mwanakijiji atauliza kwa nini alipe nauli kuja mjini atazame nyumba ya msonge. Na aende tu, akazitazame za wenzake.

Mali uliyonunua Kariakoo itakubidi kuifikisha kwenye gari. Vijana wachukuzi wako kila pembe ya Narung'ombe na Mahiwa, wengine kwa mikokoteni, wengine kwa kichwa, na hupita katika msongamano mahali ambapo wewe hungepita na mikono mitupu. Patana naye ujira kabla hajainua mzigo, nawe ukifika umlipe palepale.